Kufufua Injini, au Kununua Nyingine?

Mhariri wa gazeti letu aliniandikia akaniomba habari za kazi yangu, kusudi wale walio bado darasani wajue maisha ya nje yalivyo. Kazi yangu si ya kalamu wala ya kiti. Tangu nilipotoka shule mwaka 2009 mimi ni mchukuzi. Nina motokaa moja ya mizigo, ya tani moja, ya dizeli, yenye turbo. Napandisha saruji, chumvi na sabuni kutoka Bujumbura kwenda milimani, na wakati wa kurudi nashusha viazi na kabichi za Bugarama. Nitasimulia habari moja tu, ya mwaka 2018, injini yangu ilipokufa njiani ikanibidi kuchagua: niiunde upya, au ninunue nyingine iliyo tayari? Wengi wenu mtamiliki motokaa siku moja, na shauri hili litawafikia.

Kwanza lazima niseme kwamba gari lile halikuwa langu peke yangu. Nusu ya fedha za kulinunua zilitoka kwa dada yangu mkubwa, ambaye ni mjane mwenye watoto watatu. Aliuza vitambaa sokoni miaka mingi, akaweka akiba kidogo kidogo, kisha akaiweka yote katika gari lile kwa kuwa mwendeshaji ni ndugu yake. Kila mwisho wa mwezi nilimpelekea fungu lake, na kwa fungu lile watoto walilipiwa karo.

Aliyepita barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Bugarama ataelewa mambo yaliyonipata. Asiyepita na ajue hivi: mji uko kando ya Ziwa Tanganyika, kiasi cha mita 780 juu ya usawa wa bahari. Bugarama iko kwenye mita 2,200 hivi. Katikati ni kilomita kama 35 za kona na milima, na wewe ukipanda polepole, vijana wa baiskeli wanateremka kwa kasi wakiwa na mikungu ya ndizi nyuma yao. Kule juu hewa ni nyepesi. Mkandamizo wake ni kama robo tatu tu ya ule wa pwani. Injini ya kawaida hupumua kwa shida huko, kama mzee apandaye ngazi. Ndiyo sababu wachukuzi wa njia ile twapenda injini yenye turbo.

Turbo si uchawi. Moshi wa moto utokao katika injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa kifimbo na gurudumu jingine, nalo huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi huweza kuungua, na nguvu huongezeka. Mswisi Alfred Büchi alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1905, miaka 8 tu baada ya Rudolf Diesel kuonyesha injini yake ikifanya kazi vizuri huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Kifimbo kile cha turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, nacho huelea juu ya utando mwembamba wa oili tu. Oili ikiharibika, turbo haina maisha. Tena, nguvu zaidi maana yake ni joto zaidi, na joto hilo lazima liondolewe na maji na rejeta. Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha haya ubaoni. Mimi nilikuwa nikitazama dirishani.

Basi siku ile, mwezi wa Mei 2018, nilipakia mifuko 30 ya saruji, yaani kilo 1,500 katika gari la tani moja. Mwenye saruji alikuwa akinisubiri juu, na jua lilikuwa likishuka. Katikati ya mlima niliutazama mshale wa joto, nikaona umepita katikati. Baada ya kona chache ulikaribia wekundu. Nilisema moyoni, “Bado kidogo tu nitafika.” Nikaendelea. Mshale ukaingia kwenye wekundu, nami nikaendelea. Hata mvuke ulipoanza kutoka mbele, na nguvu ikapotea kama mtu aliyekatwa miguu, ndipo niliposimama. Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa: nilichota maji ya baridi kwenye kijito kando ya njia, nikayamwaga ndani ya injini iliyokuwa ikichemka. Nikasikia mlio mdogo, kama wa sahani inayopasuka ukutani mwa jirani. Nilijifanya sikuusikia.

Injini iliwaka tena, lakini kwa moshi mweupe na kugonga. Nilivutwa na lori mpaka mjini usiku ule. Asubuhi nilipochomoa kijiti cha oili, nikaona oili ina rangi ya chai ya maziwa. Mafundi wote wanajua maana yake: maji yameingia katika oili.

Nilikwenda kwa dada nikamwambia injini imekufa. Akaniuliza, “Imekufaje?” Nikamjibu, “Ilikuwa imezeeka, dada. Siku yake ilifika.” Sikumwambia habari za mshale, wala za mifuko 30, wala za maji ya kijitoni. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akanyamaza. Halafu akasema, “Basi tununue nyingine upesi. Nitakopa katika kikundi chetu cha akiba cha wanawake. Watoto hawawezi kungoja.”

Naungama kwamba shauri lile lilinifurahisha, wala si kwa sababu nzuri. Injini ikitolewa nzima na kutupwa pembeni, hakuna atakayeifungua. Na isipofunguliwa, hakuna atakayejua.

Injini zilizo tayari hazikosekani kwetu. Nyingi hutoka Japani. Huko serikali hukagua motokaa za watu binafsi kila miaka 2, baada ya ukaguzi wa kwanza wa gari jipya, na gharama ya ukaguzi huwafanya wengi kuachana na magari ambayo sisi tungeyaona mapya. Magari hayo hukatwa vipande, na injini zake husafirishwa, nyingine moja kwa moja na nyingine kwa njia ya Dubai. Zetu hushushwa bandarini Dar es Salaam, zikapandishwa kwenye malori mpaka mpakani Kobero. Mfanyabiashara mmoja alinionyesha injini ya aina yangu, imeoshwa ikang'aa, pamoja na turbo yake. Alisema, “Kesho jioni utakuwa barabarani.”

Dada alitaka kabla ya kulipa tupate maneno ya fundi. Tukaenda Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ambako magereji yamejaa na nyundo hulia tangu alfajiri. Huko yuko fundi mmoja mzee aliyemfahamu marehemu baba yetu. Alitusikiliza mpaka mwisho. Hakusema tununue wala tusinunue. Aliuliza swali moja tu, “Hii ya kwanza iliuawa na nini?”

Nikasema ni uzee.

Akasema, “Mwanangu, uzee huja polepole. Oili huanza kuliwa, moshi wa buluu huonekana, asubuhi injini hukataa kuwaka. Je, uliyaona hayo?” Sikujibu. Akaendelea, “Utaweka injini nyingine nyuma ya rejeta ile ile, iendeshwe na dereva yule yule? Nipeni siku moja niifungue. Kama haifai nitawaambia mnunue, wala sitawadai kitu kwa kufungua.”

Kesho yake dada alikuja gereji na kiti chake, akaketi. Fundi alifungua kichwa cha injini, kile ambacho makanika hukiita silinda hedi. Alikisafisha, akaweka juu yake rula ya chuma iliyonyooka, akaingiza chini yake bati jembamba la kupimia. Alisema kichwa kisipinde zaidi ya milimita 0.10, lakini changu kilipinda 0.25. Kisha alitwambia tuinamie tuone: kati ya valvu mbili palikuwa na ufa, mwembamba kama uzi wa buibui. Katika silinda ya 3 pistoni ilikuwa imekwaruza ukuta. Alipokata sehemu ya juu ya rejeta, mirija yake mingi ilikuwa imezibwa kwa matope na kutu. Miaka yote ile nilikuwa nikiijaza maji ya mito.

Akasimama, akafuta mikono, akauliza kwa upole, “Nani alimwaga maji baridi kwenye moto?”

Hapo hapakuwa na pa kujificha. Nilimgeukia dada nikamwambia yote: mshale, mifuko, kijito, na uwongo niliomwambia nyumbani. Nilidhani atanipigia kelele mbele ya vijana wa gereji. Hakupiga kelele. Alitazama kile kichwa cha injini kwa muda mrefu, kisha akasema, “Ningekopa fedha za wanawake wenzangu kwa neno lako.” Ni hilo tu. Tangu nizaliwe sijapata kupigwa fimbo iliyoniuma kama maneno yale.

Fundi alituachia kimya chetu. Kisha akatupa hesabu, nami naiandika hapa kwa ajili yenu. Tuseme bei ya injini ile ya mtumba, pamoja na kuifunga, ni 100. Injini mpya ya kiwanda ingepita 200, nasi hatukuwa nazo. Kuunda upya hii yetu, kwa makisio yake ya kwanza, kulikuwa 68. Lakini alituonya kwamba ndani ya injini huwa na mambo yasiyoonekana mpaka yapimwe, na kwamba kazi itakwenda wiki nyingi. Akasema kinachoamua ni bloku. Bloku ikipasuka, au konrodi ikitoboa ukuta wake, usipoteze fedha, kanunue nyingine. Bloku ikiwa nzima na krenki haikuvunjika, kuna jambo la kufufua. Yetu ilikuwa nzima.

Dada akaamua. Akaniambia, “Tutaiunda hii. Fedha za kikundi sitazikopa. Nawe utakaa hapa kila siku mpaka iishe, na kila kitu kitakachopimwa utakiandika katika daftari uniletee.”

Hivyo nikawa mwanafunzi tena, nikiwa na umri wa miaka karibu 30. Nilinunua daftari la mistari. Bloku ilipelekwa kwenye karakana ya kukereza, silinda zote 4 zikapanuliwa kwa milimita 0.50, zikatiwa pistoni na ringi za kipimo hicho. Nilishangaa kwa nini zote zipanuliwe ikiwa imeharibika moja. Fundi akaniambia, “Watu wanne wakibeba jeneza, wawe wa kimo kimoja.” Krenki ilikuwa imekwaruzwa na oili yenye maji, ikasuguliwa kwa 0.25, ikatiwa beringi zilizo nene kwa kadiri ile. Katika kuzifunga alilaza uzi laini wa plastiki kati ya beringi na krenki, akakaza, akafungua tena, akapima upana wa uzi uliopondeka. Ulionyesha nafasi ya 0.04, pungufu ya unene wa unywele wa mtu. Katika nafasi hiyo ndogo oili ndiyo inayobeba kazi yote.

Kichwa hakikufaa, tukanunua kipya. Turbo nayo, kifimbo chake kilikuwa kikicheza ukikishika kwa vidole, basi tukabadilisha moyo wake. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyovuruga makisio, hesabu ikapanda kutoka 68 hadi 83. Rejeta mpya ilikuwa nje ya hesabu, maana hata kwa injini ya mtumba tungeinunua. Njia zote za oili zilioshwa na kupulizwa, na mabomba ya hewa vile vile, kwa kuwa chembe moja ya chuma iliyobaki ndani huweza kuua turbo mpya siku ya kwanza. Boluti zilikazwa kwa spana yenye kipimo, kwa zamu, kutoka katikati kwenda nje, kama kitabu kilivyoagiza. Kijana mmoja wa gereji alitaka kukaza kwa nguvu za mkono. Mzee alimnyang'anya spana asiseme neno.

Kazi ilichukua wiki 7. Wakati wote huo gari halikuingiza hata faranga moja. Dada aliuza vitambaa mpaka usiku, nami nilibeba mizigo sokoni jioni ili karo isikose. Nikizihesabu wiki zile pamoja na 83, gharama ilipita 100. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuunda upya ni rahisi daima. Mbele ya fedha peke yake, tungenunua ile ya mtumba tungekuwa mbele kidogo, kama ingedumu.

Lakini neno “kama” ni zito. Rafiki yangu, naye mchukuzi wa njia ile, alinunua injini ya mtumba mwaka uliofuata, nayo inakwenda vizuri mpaka leo. Yeye alifanya vema: konrodi yake ilitoboa bloku, hakuwa na njia nyingine. Wala hakununua kwa kutazama mng'aro. Alipima kwanza mgandamizo wa silinda zote 4, akaona zinakaribiana. Alifungua sampu akatafuta chembe za chuma katika oili. Alishika kifimbo cha turbo kwa vidole. Alihakikisha pampu na nyaya zinalingana na za gari lake. Alibadilisha rejeta kabla ya kufunga. Akaandikisha namba mpya ya injini katika karatasi za gari, asije akasimamishwa njiani kama mwizi. Na kabla ya hayo yote alijua ya kwanza iliuawa na nini: alikuwa amepuuza mlio wa kugonga kwa wiki 2, naye alikiri.

Hiyo ndiyo sababu, ndugu zangu, nasema kwamba swali la kwanza si “niunde au ninunue?” Swali la kwanza ni “imekufa kwa nini?” Ukilijibu hilo kwa kweli, la pili hujibika kwa rula na kipimo. Usipolijibu, njia zote mbili ni sawa, maana utaiua na hiyo nyingine. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee. Injini mpya mbele ya kosa la zamani ni kama kanzu mpya juu ya kidonda.

Ilipowashwa mara ya kwanza, Mzee alikataa tusishangilie. Aliweka mkono juu yake kama mganga ashikavyo mgonjwa, akasikiliza. Kisha akanipa masharti: kilomita 1,000 za kwanza bila mzigo mzito, kisha kumwaga oili yote na kutia mpya, maji safi yenye dawa ya kuzuia kutu katika rejeta, si ya mto, na nikifika juu ya mlima nisizime ghafula, bali niiache injini iungurume polepole dakika 1 au 2, ili oili iipoze turbo kabla haijasimama. Masharti hayo nayashika mpaka leo. Mifuko sasa ni 20, haizidi.

Daftari lile ninalo bado. Dada alilisoma ukurasa kwa ukurasa, ingawa hakujua krenki ni nini, kisha akanirudishia. Tangu siku ile kila mwisho wa mwezi nampelekea fungu lake pamoja na daftari: kilomita nilizokwenda, oili niliyotia, na mahali mshale uliposimama nilipofika Bugarama. Mwaka wa kwanza alilisoma lote. Mwaka wa pili alitazama ukurasa wa mwisho tu. Siku hizi hulipokea, akaliweka juu ya meza bila kulifungua, akanikaribisha chai. Mimi naendelea kuandika.

Nanyi mlio darasani, mwalimu akiandika ubaoni habari za joto na mkandamizo wa hewa, msitazame dirishani. Mlima wa Bugarama utawauliza swali lile lile, na hapo hakuna wa kumwigizia jibu.